Karamu Isiyo na Kitabu

Katika mkutano wa walimu wa mwezi uliopita yalisemwa maneno ambayo hatukupata kuyajibu siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kushuka, na wenye baiskeli walitaka kufika kwao kabla ya mvua. Basi twayajibu hapa, maana maneno yaliyosemwa mbele ya watu yafaa kujibiwa mbele ya watu.

Asili ya maneno hayo ni barua. Kijana wetu mmoja, ambaye sisi tulimfundisha kushika kalamu, na ambaye sasa yu katika chuo kikuu huko Marekani, alituandikia habari za mwezi Februari chuoni kwake. Alisema ya kuwa mwezi huo mzima wanafunzi weusi wa Marekani hufanya ukumbusho wa historia yao. Hutundika picha za watu wao wakuu, huita wanenaji, huimba nyimbo za babu zao, hupika vyakula vya mama zao. Na siku moja katika siku hizo walimwita yeye, kwa kuwa amekulia katika Kiswahili, awasomee maneno saba ya Kiswahili ambayo wao huyatumia katika sikukuu yao nyingine ya mwisho wa mwaka. Akayasoma, wakampigia makofi. Kisha msichana mmoja akasimama akamwuliza swali, nalo swali hilo tutalirudia mbele, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Barua iliposomwa, walimu wakacheka. Mwalimu mmoja mzee, ambaye sisi sote twamheshimu, na ambaye wengi wetu tulijifunza hesabu chini ya fimbo yake, akasema ya kwamba mtu mwenye historia hana haja ya kuifanyia sikukuu, kama vile mwenye shamba asivyokuwa na haja ya kupiga mbiu sokoni kwamba ana shamba. Akasema tena ya kwamba hiyo ni ngoma na karamu tu, wala haiongezi elimu. Na Kiswahili chao ni mchezo wa watoto, maana babu zao hawakutoka upande wetu. Wengi wakaitikia, “Kweli.” Kwa heshima yake yote, sisi twasema kwamba hapo amekosea, na penye ukweli katika maneno yake tutapaonyesha pia.

Tuanze na shamba lake. Ni kweli, mwenye shamba hapigi mbiu, maadam mipaka yake i salama. Lakini mtu ambaye jirani amemng'olea alama za mipaka usiku, na kulipokucha akaambiwa, “Wewe hukuwa na shamba hapa,” je, huyo atafanyaje? Atawaita wazee na mashahidi, atatembea nao mpaka kwa mpaka mchana kweupe, akisema, hapa palikuwa na mwembe, hapa alizikwa baba. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wale.

Tena neno hili la kutokuwa na historia, mwalimu wetu adhani ni lake, kumbe ni neno la kuazima. Katika mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru, mwalimu mkuu wa historia katika Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza ya kuwa katika Afrika hakuna historia ila ya Wazungu waliofika Afrika, na yaliyosalia ni giza, wala giza halisomwi. Huyo hakuwa mjinga, wala hakupungukiwa na vitabu. Na kabla yake Mjerumani Hegel, katika karne iliyotangulia, alikwisha kuwafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika haimo katika historia ya ulimwengu. Basi mwalimu wetu anapowatupia neno hilo watu weusi wa Marekani, na ajue kwamba jiwe hilo lilitupwa kwetu kwanza. Yeye ameliokota uani kwake tu, akamtupia jirani.

Na sasa, ni nani aliyeweka ukumbusho huu wa Februari? Wengi wetu hatukumjua mtu huyu, ingawa alikuwa mwalimu kama sisi. Jina lake Carter G. Woodson. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, na baba yake na mama yake walikuwa wamezaliwa utumwani. Umaskini ulimtuma katika machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia, hata akaingia shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka 20. (Ninyi wazazi mnaosema kwamba mtoto wenu amekwisha kuwa mkubwa mno kurudi darasani, lisomeni neno hilo mara mbili.) Shule hiyo akaimaliza kwa miaka miwili. Akafundisha, akavuka bahari akafundisha Ufilipino, akarudi akasoma Chicago, na mwaka 1912 Chuo Kikuu cha Harvard kikampa udaktari katika historia. Alikuwa mtu mweusi wa pili kupata udaktari katika chuo kile. Wa kwanza alikuwa W. E. B. Du Bois, aliyeupata mwaka 1895.

Ungedhani mtu wa namna hii angestarehe na cheo chake. Walakini alikuwa ameona, katika vitabu vile vile alivyosomea, jinsi watu wake walivyotajwa: ama hawakutajwa, ama walitajwa kama mizigo inavyotajwa katika hesabu ya tajiri. Basi mwaka 1915 yeye na wenzake wachache wakaanzisha katika Chicago chama cha kuchungua maisha na historia ya watu weusi. Januari 1916 wakatoa jarida lao la historia, likawa hutoka kila miezi mitatu. Hawakuwa na fedha nyingi. Nyumba aliyoinunua Washington mwaka 1922 ndiyo iliyokuwa ofisi, na ghala ya vitabu, na mahali pake pa kulala, wala hakuoa maisha yake yote. Hata mwaka 1926 ndipo alipoweka juma la historia ya mtu mweusi, katika juma la pili la Februari. Alichagua juma hilo kwa sababu watu walikuwa wamezoea kukumbuka ndani yake kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, tarehe 12, na kwa Frederick Douglass, tarehe 14. Naye Douglass, kwa kuwa alizaliwa mtumwa, hakuijua siku aliyozaliwa. Tarehe hiyo alijichagulia mwenyewe.

Tazameni mpango wa mambo hayo, ndugu zetu. Chama mwaka 1915. Jarida mwaka 1916. Sikukuu mwaka 1926. Miaka kumi ya kitabu ilitangulia juma moja la karamu. Na hata hilo juma Woodson hakulitaka liwe badala ya masomo. Alitaka shule zionyeshe katika juma hilo yale zilizojifunza mwaka mzima, kama sisi tunavyowaita wazazi mwisho wa mwaka watoto wakasoma na kuimba mbele yao. Mzazi hadhani kwamba mtoto amejifunza siku ile ya kuimba. Tena alitumaini kwamba siku itakuja ambayo juma hilo halitahitajiwa, kwa kuwa historia ya watu weusi itafundishwa katika historia ya nchi, mwaka mzima, kwa watoto wote. Alikufa Aprili 1950, na siku hiyo ilikuwa haijafika.

Hapo ndipo tunapokiri kwamba katika neno la karamu mwalimu wetu hakukosea lote. Ziko karamu zisizo na kitabu nyuma yake, nazo ni aibu. Katika Februari 2018, katika chuo kikuu kimoja cha mji wa New York, wapishi wa chuo walitaka kuwaheshimu watu weusi, wakawaandalia mbavu za kuchoma, na mkate wa mahindi, na mboga za majani, na maji yaliyotiwa ladha ya tikiti. Kwetu tikiti ni tunda tu, na mtu akikukaribisha tikiti wakati wa jua kali utamshukuru. Lakini Marekani, tangu zamani za babu zao, wachora picha za dhihaka walimchora mtu mweusi akila tikiti, kuonyesha kwamba akili yake yakomea tumboni. Mwanafunzi mmoja alipoona, akalalamika, na mkuu wa chuo akaomba radhi. Twauliza: mpishi yule alikosa nini? Hakukosa wema. Alikosa somo. Ametumwa aadhimishe jambo ambalo hakufundishwa hata ukurasa mmoja wake, naye akatumia alichokuwa nacho, yaani masalio ya dhihaka.

Lakini, mwalimu wetu, wanafunzi weusi walipoitaka sikukuu hii vyuoni mwao, hawakuomba mbavu za kuchoma. Waliomba walimu. Katika chuo cha serikali cha San Francisco, wanafunzi waligoma tangu Novemba 1968 hata Machi 1969, mgomo mrefu kuliko yote ya wanafunzi katika nchi ile, na walilodai ni idara ya masomo ya watu weusi, na walimu wake, na nafasi kwa vijana waliofungiwa mlango. Wakaipata. Katika Kent, jimbo la Ohio, wanafunzi weusi na walimu wao walitoa shauri mwaka 1969 kwamba lile juma la Woodson liwe mwezi, na Februari 1970 wakaufanya mwezi huo chuoni kwao, miaka sita kabla ya rais wa nchi, Gerald Ford, kuutambua kwa taifa zima mwaka 1976. Wasomaji na walitie jambo hilo moyoni: wakubwa hawakuwapa vijana mwezi huu. Vijana ndio waliowapa wakubwa.

Na katika Cornell, jimbo la New York, mambo yalikuwa makali zaidi. Usiku mmoja wa Aprili 1969 msalaba uliwashwa moto mbele ya nyumba ya wanafunzi wanawake weusi. Kuchoma msalaba, huko kwao, ni ishara ya zamani ya wale waliokuwa wakiwanyonga watu weusi, na kila mtu aijua. Baada yake wanafunzi weusi wakaingia katika jumba kubwa la wanafunzi wakalishika, na walipotoka, kesho yake, wengine walikuwa na bunduki mikononi. Sisi hatuwezi kusifu bunduki mikononi mwa wanafunzi, wala hatutaki vijana wetu waige; walakini mtu asimulie jambo lote, asianze na bunduki akauacha msalaba uliochomwa. Mwaka huo huo kikafunguliwa kituo cha masomo ya Afrika na ya watu weusi. Aprili 1, 1970, nyumba ya kituo hicho ikateketea kwa moto. Wakaanza tena mahali pengine, na kituo kipo, na Kiswahili kimefundishwa humo.

Kwa nini twayasimulia haya yote? Kwa sababu yule achekaye karamu hajui kwamba mbele ya karamu palikuwa na idara, na nyumba, na maktaba, zilizopatikana kwa shida na zenye kuweza kupotea. Na zapotea. Mwaka 2023 wakuu wa elimu wa Florida walilikataa somo jipya la mambo ya watu weusi wa Marekani lililotungwa kwa shule za sekondari. Mwaka 2024 jimbo la Utah lilipitisha sheria juu ya mambo kama haya katika vyuo vya serikali, na kwa sheria hiyo Chuo Kikuu cha Utah kikaifunga nyumba ya utamaduni wa watu weusi iliyokuwa chuoni pale. Waliotunga sheria husema kwamba wataka wanafunzi wote watazamwe sawasawa, pasipo kabila wala rangi. Neno hilo ni zuri likisikiwa mbali. Lakini kama mipaka ya shamba ilikwisha kung'olewa, yeye asemaye, “Tangu leo tusitaje mipaka,” amempendelea nani? Na angalieni: sheria hiyo haikuufuta mwezi Februari katika kalenda. Karamu hubaki kwa urahisi. Nyumba na somo ndivyo viondokavyo. Basi, mwalimu wetu, ukicheka, cheka mahali panapostahili. Mcheke yule atakayeweka tikiti mezani na kufuli mlangoni.

Sasa juu ya Kiswahili chao. Hatutasema uongo: kijana alipoandika kwamba katika sikukuu ile mtu huulizwa, “Habari gani?” naye hujibu, “Umoja!” hata sisi tulicheka, na mke wa mwandishi akacheka zaidi. Sikukuu yenyewe yaitwa Kwanzaa, kwa a mbili mwishoni, ili jina litimize herufi saba. Iliwekwa mwaka 1966 katika Los Angeles na Maulana Karenga, mwaka mmoja baada ya ghasia kubwa za mtaa wa Watts. Yaanza Desemba 26 na kwisha Januari 1, na jina lake limetokana na matunda ya kwanza, yaani malimbuko. Kila siku ina neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Ni maneno yetu yote, hata ujima, ambao wazee wetu waujua kwa jembe, si kwa kitabu. Kesho yake mtu akiulizwa habari, hujibu, “Kujichagulia!” Haya, tumekwisha kucheka.

Ni kweli vile vile kwamba wengi wa babu zao walichukuliwa kutoka pwani za magharibi ya Afrika, kutoka Senegal hata Angola, wala hawakusema Kiswahili. Lakini wangechagua lugha gani? Mtu ambaye babu zake walichanganywa katika merikebu moja, watu wa lugha kumi, wakakatazwa kila moja, hawezi kusema, “Yangu ilikuwa hii.” Waliichukua lugha ambayo haikuwa ya kabila moja. Nasi je? Ni nani kati yetu, katika vijiji hivi vya bara ya kusini, ambaye babu yake alizaliwa na Kiswahili kinywani? Babu zetu walikuwa Wayao, na Wamakua, na Wamakonde, na Wamwera. Kiswahili walikipata kwa misafara na shuleni, na watu wa pwani waliwacheka kwa jinsi walivyochanganya l na r, kama tunavyowacheka hawa leo. Mkopaji wa jana amcheka mkopaji wa leo!

Tena mkopo huu haukwenda njia moja tu. Mwaka 1924 alifika katika nchi zetu James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambaye alikuwa amefundisha miaka zaidi ya ishirini katika chuo cha watu weusi huko North Carolina. Akaja na wajumbe waliochungua elimu ya Waafrika, na watu walistaajabu kumwona mtu mweusi akiketi na Wazungu katika baraza moja kama mwenzao. Mwaka 1927 Mbiyu Koinange wa Kenya alikwenda kusoma Hampton, chuo kilichofunguliwa mwaka 1868 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Waliofunguliwa minyororo juzi walikuwa wamekwisha kujenga shule ambayo mtoto wa mkubwa wa Kiambu aliiona njema ya kumwendea mbali hivyo. Nao wakachukua kwetu. Katika Cornell, ambayo tumeitaja, iko tangu mwaka 1972 nyumba ya kukaa wanafunzi iitwayo Ujamaa, neno ambalo miaka mitano kabla yake Azimio la Arusha lililifanya njia ya Tanzania. Sisi wengine siku hizi neno hilo twalitaja kwa kuguna. Wao bado wamelala chini ya dari yake.

Tumefika kwenye swali la yule msichana. Alimwambia kijana wetu, “Wewe una heri. Sisi twakwama kwa babu wa babu, kwa kuwa katika hesabu za mabwana zao waliandikwa jinsia na umri bila jina. Lakini wewe umezaliwa kwenu. Hebu mtaje mama wa bibi yako, na mama yake huyo, na mahali walipotoka.”

Kijana akanyamaza. Kisha akasema hajui. Ametuandikia hivi: “Mwalimu, yule dada hakuniamini. Alidhani namficha jambo takatifu.”

Basi, mwalimu wetu mheshimiwa, ambaye umesema kwamba wenye historia hawana haja ya sikukuu, huyu ndiye mwenye historia. Alisimama mbele ya watu mia wasio na historia, kama usemavyo, wakamwuliza swali ambalo wao wamelitafuta kwa miaka na fedha katika makaratasi yaliyooza, naye hakuweza kwenda hata hatua mbili nyuma ya bibi yake. Nasi twajua kwa nini hakuweza. Wewe pia wajua.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wamekaa Unguja, akawapa mahali pa kujenga. Walikuwa watu wa makabila mengi. Majahazi na masoko yalikuwa yamewachanganya, kama zile merikebu za magharibi zilivyowachanganya wenzao. Kutoka hapo, na kutoka mahali pengine kama hapo, watu walienea, wakaoana na wenyeji, na vijiji vingi vya upande huu vina damu yao, na kijiji chetu kimojawapo. Lakini nani alisemaye? Katika ugomvi wa pombe mtu humwambia mwenzake, “Mjukuu wa mtumwa,” na visu hutoka. Katika posa wazee huulizana kwa mafumbo. Na bibi wa kijana wetu, kila alipoulizwa na wajukuu, alijibu, “Sisi ni wa hapa hapa,” akaendelea kupepeta.

Hatumlaumu. Hata wale wa Marekani walianza na aibu hiyo hiyo. Katika Nashville, jimbo la Tennessee, kiko chuo kiitwacho Fisk, kilichofunguliwa mwaka 1866 kwa watu waliotoka utumwani. Mwaka 1871 chuo kilikuwa na madeni, karibu kifungwe. Mtunza hazina wake, George White, aliyekuwa pia mwalimu wa nyimbo, akawachukua wanafunzi tisa, wengi wao waliozaliwa watumwa, wakatoka Oktoba 6 kwenda kuimba mijini ili wapate fedha. Hapo kwanza waliimba nyimbo kama za Wazungu, kwa ustadi, na fedha zikawa haba. Nyimbo za wazazi wao, zile za mashambani na za kuomba usiku, hawakupenda kuziimba mbele ya watu. Mmoja wao, Ella Sheppard, mpiga piano wao, alieleza baadaye kwamba nyimbo zile kwao zilikuwa za utumwa na za zamani za giza, mambo yafaayo kusahauliwa. Tena zilikuwa takatifu kwa wazazi wao. Waliziimba faraghani, milango imefungwa. Hatimaye wakazitoa. Na watu waliosikia walilia. Mwaka 1873 waliziimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Kwa fedha za nyimbo hizo likajengwa chuoni jumba kubwa la Jubilee, lililofunguliwa mwaka 1876, mwaka ule ule wa Masasi, na jumba hilo lasimama hata leo. Kila Oktoba 6 chuo chote huadhimisha siku ile, na waimbaji wa sasa huenda makaburini kwa wale wa kwanza wakaimba.

Hiyo ndiyo ngoma uliyoidharau. Wimbo wa aibu umejenga nyumba ya matofali, na watoto wamelala ndani yake kwa zaidi ya miaka mia.

Muhula huu, baada ya barua ile, tumeanza jambo dogo katika shule yetu. Watoto wa darasa la sita tumewapa kila mmoja daftari, waende kwa wazee wao wakaulize, nao waandike jina, na mahali, na jinsi walivyofika. Haikuwa kazi nyepesi. Juma la kwanza baba mmoja alikuja shuleni kabla ya kengele, amekunja mikono ya shati, akatuuliza kama twataka binti zake wasiolewe. Hasira yake ilikuwa na haki ndani yake, nasi hatukubishana naye. Tulikubaliana kwamba hakuna jina litakaloandikwa ila mwenye nyumba amekubali, na daftari la nyumba litakaa katika nyumba, si shuleni. Bado wake hajakubali. Nyumba kumi na moja zimekubali.

Nyumba ya kijana wetu ni mojawapo. Bibi alikataa mara mbili. Mara ya tatu tulimsomea ile barua, tukamsomea na swali la msichana. Akauliza, “Huyo msichana ni mtoto wa nani?” Tukamwambia hatujui, na yeye mwenyewe hajui hata mwisho. Bibi akaweka ungo chini. Akaanza kutaja, naye mtoto wa darasa la sita akaandika, hata jua likatua. Kulipowashwa taa akamwambia mtoto amsomee yote tangu mwanzo. Mtoto akasoma. Alipofika katikati bibi akamshika mkono akasema, “Hapo si hivyo. Huyo hakuwa Mmwera, alikuwa Mbisa. Futa.”

Mtoto akafuta, akaandika upya. Nakala ya daftari hilo tumeipeleka posta, na tumeambiwa kwamba yaweza kufika Marekani kabla ya Februari.